Meno ya Plastiki ya Masele

Jumatatu, 7 Julai 1986
Mwanangu Masele anaharisha tena, na mwili wa moto. Miezi saba tu! Udenda unamtiririka kama bomba bovu, kila kitu anatafuna – hata rozari yangu. Jirani, Mama Mageni, kamfungua kinywa, kachungulia fizi, kaguna. Eti ni meno ya plastiki: vijino laini vyeupe ndani ya fizi, visipochokolewa mtoto hufa. Nimeogopa kweli.

Jumatano, 9 Julai
Mama Mageni anasema watoto wa hapa Isaka karibu wote wamechokolewa. Yuko mama mmoja, fundi, anatumia spoki ya baiskeli iliyonolewa. Ada yake jogoo na kipande cha sabuni. Sabuni yenyewe siku hizi naipata wapi? Nimekubali. Atakuja Jumapili baada ya misa. Mume wangu Ignas kasema mambo ya meno ni ya wanawake, kaenda zake kupakia mabehewa. Wanaume!

Ijumaa, 11 Julai
Mama mkwe kafika kutoka Didia. Nimemwamkia, nikamweleza. Kacheka mpaka meno yake matatu yakaonekana yote. "Mayo wee! Plastiki imekuja juzi na ndoo. Huyu kaimeza lini?" Halafu kasugua fizi za mtoto kwa kijiti cha mswaki alichokuwa anatafuna mwenyewe! Nikamnyang'anya. Tumenuniana hadi wakati wa ugali.

Jioni mama mkwe kamwona mjukuu wa Mama Mageni, aliyechokolewa mwaka juzi. Chonge hana, kulia wala kushoto. Kaniuliza, haya, yataota lini?

Jumapili, 13 Julai
Fundi kafika. Spoki iko mezani, juu ya kitambaa. Jogoo kafungwa miguu. Mama Mageni kaja kushuhudia. Na mtoto hayupo! Mama mkwe hayupo! Nimesema wametoka kidogo, nikakimbilia jikoni kuchemsha chai. Naandika juu ya gunia la mkaa. Moto nimeupunguza mwenyewe. Sijui nataka nini. Hapana, najua – siitaki ile spoki. Lakini homa je?

Kilio! Kinatoka banda la mbuzi. Masele huyo!

Fundi kauliza kwa sauti, mtoto wa nani analia?

Nimejibu: wa jirani.

Jirani yangu ni Mama Mageni, kakaa na fundi hapo hapo; mjukuu wake si kichanga tena, na kitinda mimba wake yuko darasa la tano.