Maji Niliyochimba Pwani

Mwende mjukuu wangu,

Habari ya huko? Nyanya yako, dada yangu mkubwa, hajambo. Mtoto wangu sasa anatambaa akifukuza kuku. Umeniuliza kama uache hiyo shule ya Pwani urudi Ekalakala, kwa sababu umeshindwa kuzoea.

Kabla sijaolewa, kwaya yetu ilitembelea hifadhi ya mikoko huko. Nilikuwa na kiu. Nikaona mchanga, nikachimba kwa mikono kama tunavyochimba mtoni kwetu wakati wa kiangazi. Maji yakaja haraka. Nikanywa, nikatema.

"Dada, hapa si mtoni kwenu," askari wa hifadhi akasema akicheka, akanipa maji yake. Halafu akaniambia nilambe jani la mkoko. Lilikuwa na chumvi juu.

"Mti huu unakunywa hayo hayo uliyotema," akasema. "Chumvi unaitoa kwa majani."

Nilisimama pale nikiuangalia, ulivyokuwa kijani, mpaka wenzangu wakaniita.

Sikulazimishi, mama. Jaribu tu mpaka likizo. Ukija bado unalia, mimi mwenyewe nitaongea na mama yako, na utakaa kwangu.

Nyanya yako mdogo,
Kalekye