Kamba za Magome Miguuni mwa Yoeli

Kambi ya Miwati, Njombe

Mama Yoeli, mke wangu,

Nakusalimu kwa mdomo uliovimba. Hujambo? Mguu wa mama umepoa? Huko Bulongwa mmeshachimba viazi? Mimi mzima, ila jino langu la mbele limebaki kwenye sakafu ya shule, na nataka usikie habari yake kwangu kabla watu hawajakuletea uongo.

Kaka yako bado yuko Makambako anangoja lori la manamba. Najua mlikubaliana kwamba Yoeli akishindwa hesabu mwaka huu, amchukue wakakate mkonge. Alipita hapa Jumamosi, akaniambia mtoto ni mjinga, mwalimu kasema. Nikamwambia mjinga ni yeye. Jioni mwanao akinisaidia kubeba magome ya miti ya miwati, anaruka mitaro na mzigo kichwani huku anataja hesabu za kuzidisha kwa saba, na hakosei hata moja. Mkalishe kimya, zote zinamtoka kichwani. Ndivyo alivyo tangu utotoni, hata neno lake la kwanza alilisema akifukuza kuku wako.

Jumatatu mwenzangu wa kazini alinijia mbio akasema niende shuleni. Nilisikia fimbo kabla sijafika mlangoni. Nikamkuta mwanao kafungwa miguu yote miwili kwenye benchi, kwa kamba za magome, magome yale yale ninayoyachuna mimi! Vifundo vinatoka damu. Eti mwalimu kamfunga ili akili ipande kichwani, isiishie miguuni.

Mama Yoeli, niliona giza. Nilimpiga mwalimu kichwa cha pua. Akanitandika kigoda mdomoni, jino likaruka. Tukaangusha ubao, watoto wakatoka nje kupitia madirishani. Nilikata zile kamba kwa kisu cha kuchunia, nikakitupa nje kwa kuwa nilijiogopa, kisha nikamrudia mwalimu nikamkaba koo.

Yoeli hakukimbia. Alianza kuzunguka darasa mbio, anachechemea, analia kwa sauti, na huku anataja saba mara moja, saba mara mbili. Mwalimu yuko chini yangu, macho yamemtoka, lakini anamsikiliza. Nikalegeza mkono kidogo.

"Saba mara nane?" mwalimu akauliza, sauti haitoki vizuri.

"Hamsini na sita," mwanao akajibu bila kusimama.

Akamuuliza saba mara tisa, akajibu. Nikamwachia shingo. Tukabaki tumekaa chini pale, wote wawili tunatema damu, tunamtazama.

Alhamisi naitwa barazani, na huenda nikalala ndani. Sawa, nitalala. Lakini leo asubuhi watoto wote wamekimbia kuzunguka shule kabla ya hesabu, na mwalimu alikuwa mbele yao, pua imefungwa kitambaa.

Nisalimie mama, na shangazi anayetuchungia ng'ombe, na mzee wa kanisa, ingawa najua atanisema. Kaka yako mpelekee ujumbe kwamba lori liondoke bila mwanangu. Akija kumchukua, ngumi zangu bado zinauma, lakini yeye zitamtosha.

Nimempa Yoeli kalamu aweke salamu zake hapa chini. Anaandika amesimama, anarukaruka kwa mguu ule usiouma sana, wino unamwagika. Sijamwambia akae.

Mimi mumeo mwenye pengo,
Baba Yoeli

Mama hujambo mimi ni Yoeli sijambo saba mara kumi na mbili ni themanini na nne