Mlango wa Wodi ya Wazazi

Gisozi, Kigali
Julai

Kwako Kaka Kagabo,

Nakusalimu wewe, wifi Kayitesi na watoto wote hapo Kayanga. Goti linaendeleaje? Natumaini dawa ya kuchua niliyompa Twahiru akuletee ilikufikia, haikuishia kwenye magoti yake. Mimi ni mzima. Huku mvua zimekatika, vumbi limeanza, na ofisini tumevuka mwisho wa mwaka wa serikali bila mtu kulazwa.

Umeniuliza kama wazee wa Zephaniah waje mwezi wa nane kufanya gusaba, waniombe kwako kwa kuwa baba hayupo. Umesema umeshawapiga chenga vya kutosha na safari hii unataka neno moja tu. Utalipata. Ila nivumilie kwanza nikupe habari ya mlango.

Kazi yangu unaijua, ingawa wifi husema nalipwa kwa kufunga mafaili. Serikali ikijenga kitu, wengine huanzisha mkataba, mimi huumaliza. Mwaka mmoja baada ya kazi kukabidhiwa, narudi na mkandarasi, nafungua kila kinachofunguka na kukalia kila kinachokaliwa. Mpaka siku hiyo, kikiharibika kitu anatengeneza yeye bure. Nikikuta kila kitu kizima tunatia saini, anapata malipo yake ya mwisho, na kila mtu anashika njia yake. Naipenda kazi hii. Mimi ni mtu wa vitu vilivyokwisha.

Mwezi wa tano nilikwenda kufunga mkataba wa milango na vitanda vya kituo kimoja cha afya. Fundi wake anaitwa Gratien, ana karakana huku huku Gisozi, alifiwa na mkewe zamani, na maneno anayatoa kwa kijiko. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mlango wa wodi ya wazazi, uliokuwa na bawaba iliyolegea, unakwaruza sakafu. Nikampa wiki mbili. Niliporudi mlango ulikuwa umenyooka, lakini kitasa cha stoo ya dawa kinacheza. Nikarudi tena: mlango ule ule wa wazazi, bawaba ile ile. Nikamuuliza kama ufundi aliusomea au anabahatisha. Aliinama kutafuta bisibisi, hakujitetea.

Hilo ndilo lililonishangaza. Fundi ambaye mkataba wake haufungwi halipwi, na sijawahi kukutana na fundi anayelichukulia jambo hilo kimya kimya. Nikachuchumaa, nikaitazama bawaba kwa karibu. Skrubu hazikulegea zenyewe. Vichwa vyake vilikuwa na mikwaruzo mipya, ya kitu kipana kuliko bisibisi. Nyuma yangu alikuwa amesimama muuguzi mkuu, Mama Cécile, mtu mzima aliyekulia Bujumbura, na mkasi wake mfukoni.

Hakunisumbua. Alisema ni yeye, na kama tunataka kumupereka porisi tumupereke. Akaniuliza kwa Kiswahili chake, mkataba ukiisha hapa iko nani wa kutengeneza? Kitanda kikivunjika wataandika wilayani, na jibu likifika mtoto aliyezaliwa siku hiyo atakuwa ameshaota meno. Mkataba ukiwa wazi, Gratien anapigiwa simu na anakuja. Nilipomgeukia Gratien, alisema alijua tangu mwanzo. Akaniomba nisimtaje mama wa watu, niandike tu kwamba kazi yake ndiyo mbaya.

Sikuandika hivyo, maana si kweli. Nilimsimamia akakaza skrubu, nikaufungua mlango na kuufunga, nikaandika kwamba unafanya kazi, tukatia saini wote hapo hapo. Mama Cécile alitia yake huku machozi yanamlengalenga. Nilijisikia vibaya, sikufichi. Lakini kilichokwisha kimekwisha, ndivyo nilivyojiambia garini.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Gratien kule kituoni, amelala chali chini ya kitanda, anakaza mguu uliokuwa unayumba. Nikamwambia halazimiki tena. Akasema anajua, karatasi aliisoma kabla ya kutia saini. Kisha akaniomba nimshikie tochi.

Nakujua, Kaka. Hapo utaniuliza: na wewe Shami, Jumamosi hiyo ulifuata nini pale, na mkataba umeshaufunga kwa mkono wako? Nimejiuliza hata mimi. Nilijiambia nakwenda kumjulia hali Mama Cécile. Sasa kila Jumamosi namjulia hali, na tochi nimenunua yangu. Nampenda huyo fundi. Katika umri wangu huu naona haya hata kuliandika, lakini ndivyo ilivyo. Niombee radhi kwa wazee wa Zephaniah, ni watu wema. Mwezi huo wa nane, ukikubali, watakuja wazee wengine, kutoka huku.

Wasalimie majirani, na umwambie wifi nguo alizoagiza nimeshazipata. Watoto nawabusu mmoja mmoja, hata yule anayejiona mkubwa. Nangoja neno lako, nami naliogopa kidogo.

Na ule mlango wako wa uani unaokwaruza tangu enzi za baba, Kaka, usimwite fundi. Uache hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Shami