Mtani Wangu Issa, Ile Meli Ilikuja

Mtani wangu Issa,

Salamu sikupi. Myao hata alipokuwa hai salamu ya Mngoni aliipokea kwa kununa, sembuse sasa. Nakuandikia tu. Nimekaa barazani kwangu hapa Temeke, viatu vya watu vimenizunguka, sindano nimeichomeka kwenye ngozi, na badala ya kushona naandika barua isiyo na posta ya kuipeleka. Ukitaka kucheka, cheka.

Kwanza maziko yako. Kazi yangu niliifanya, usije ukasema Mngoni alikukimbia. Walipolitoa jeneza nikasimama mlangoni, nikasema Myao huyu hatoki mpaka nipewe jogoo, maana babu zangu waliwakimbiza babu zake na yeye naona bado anakimbia. Watu wakacheka. Nikaichukua ile kofia yako ya Kifaransa, ya duara, isiyo na ukingo, nikaivaa, nikatangulia mbele nikiburuta mguu wa kulia kama wewe, huku nikipaza ile kelele yako ya Kifaransa ya kuwahimiza watoto uwanjani: "Alei! Alei!" Shemeji Zainabu alikuwa ndani na wanawake wenzake. Wameniambia kicheko chake kilimtoka katikati ya kilio, akakiacha kitoke.

Jogoo nilipewa. Nikaenda naye nyuma ya nyumba, nikakaa chini, na hapo ndipo nilipolia, mie na jogoo. Hakuna aliyeniona isipokuwa yeye, na yeye nilimla kesho yake. Siri iko salama.

Nimegundua wengi waliokuzika walikujua kwa jina la Mfaransa bila kujua limetoka wapi. Nimelazimika kusimulia mara nyingi mpaka sasa nasimulia vizuri kuliko wewe. Nawaambia ulitoka Mikindani kijana mbichi, ukapata kazi ya kutia makaa melini, ukashikwa na homa kule Marsilia, bandari ya Ufaransa, meli ikakuacha hospitalini. Ulipopona ukapata kibarua cha mashamba ya mizabibu katika mji mdogo wa kusini, ukapanga kwa mwoka mikate. Mwoka mikate yule, kila Jumapili wakitoka kanisani, alikusanya watoto wa mtaa akawafundisha mpira wa mikono, ule wa kubebwa na kuangushana, watu kumi na watatu kila upande. Aliyatazama mabega yako, akakuvuta uwanjani. Baadaye ulipoumizwa mguu na pipa la mvinyo, akakukabidhi wale watoto wadogo kabisa, wasiojua hata kufunga kamba za viatu. Ndiko ulikojifunza ualimu.

Halafu vita. Wakubwa wa huko wakaupiga marufuku mchezo wenyewe. Hilo hukuacha kulishangaa: dunia inaungua, na watu wazima wanakaa mezani kuogopa mpira. Mwoka mikate akaificha mipira kwenye magunia ya unga, na nyie mkaendelea kuwafundisha watoto nyuma ya tanuri kwa mkate mkavu uliofungwa kitambaa. Uliniambia, "Gervas, mchezo walionao watoto hauzimiki." Nilikujibu kuwa hiyo ni hekima ya mtu aliyelala kwenye unga. Leo naiandika kwa mkono wangu, basi ujue nimeikubali.

Unakumbuka ulivyoingia dukani kwangu mara ya kwanza? Vita imekwisha, wewe umerudi, umevaa hiyo kofia, kwapani una kitu kama papai lililokauka. Ukaniuliza kama naweza kushona kingine kama hicho. Nikadhani umechanganyikiwa na bahari. Nilishona. Ngozi ya ng'ombe, kibofu cha ng'ombe ndani, tukakipuliza kwa bua la mpapai. Papai langu la kwanza lilikuwa na nundu upande mmoja, likidunda linakwenda linakotaka lenyewe. Ulilitazama sana, ukasema watoto wa hapa Temeke wakiweza kuudaka huu wataweza kudaka chochote. La pili lilipasuka usoni kwako. Sikuomba radhi wakati ule, wala leo siombi.

Na wazazi! Walipoona wiki nzima ya mwanzo huwapi watoto mpira, unawafundisha kuanguka tu, walikuja kwangu kulalamika, maana wewe walikuona kama mgeni. Mzee mmoja akauliza kama mtoto wake anahitaji mwalimu wa kuanguka, mbona nyumbani anaanguka bure. Wewe ukalala mchangani na shati lako jeupe, ukaonyesha: kidevu kifuani, bega kwanza, mpira umekumbatiwa. Ukawaambia mtoto asiyeogopa ardhi haogopi mtu. Halafu ukawafundisha kitu ambacho mpaka leo kinawatatiza watazamaji: kwamba mpira hapewi aliye mbele yako, anapewa aliye nyuma, na kwamba ukiangushwa unaachiwa usimame, unauweka mpira chini, unausukuma nyuma kwa unyayo, wenzako wanaendelea. "Debu!" ukawa unawaambia, yaani simama. Nusu ya watoto walidhani ni Kiyao. Sikuwasahihisha.

Sasa nikupe habari. Ulipoondoka, mambo yalilegea. Ulikuwa umewaahidi watoto kwamba ile meli ya Kifaransa inayopakia katani itakuja, na fundi wake wa mitambo, rafiki yako wa mji ule wa mizabibu, Monsiya Marseli, ataleta mabaharia vijana wacheze nao. Watoto walikuwa hawajawahi kucheza na yeyote ila wenyewe kwa wenyewe. Ahadi ile ndiyo iliyowashika. Ulipokufa wakaona na ahadi imekufa. Wale wa mpira wa miguu wa Keko wakaanza kuwaita wenye mbio, wakaenda mmoja mmoja. Salum, yule mnene uliyempa jina la Gunia, alibaki akija dukani kila jioni, anakaa, anaushika mpira. Mie nashona viatu. Tulikuwa kama watu wanaongoja mvua.

Nikaletewa ujumbe na binti yako Rukia. Shemeji ananiita. Nikaenda, nikasimama nje ya ua kama inavyopasa, maana alikuwa ndani ya eda. Akaniambia kutoka upande wa pili wa makuti, taratibu, "Shemeji Gervas, walete watoto hapa kiwanjani nyuma ya ua. Mchezo ule naujua."

Nikamwuliza ameujulia wapi. Akasema: wewe ukiisha kula, ulikuwa ukitandaza ndimu kwenye mkeka, kumi na tatu huku, na vifuu vya nazi kumi na tatu huku, unamchosha kwa maelezo mpaka ndimu zinaoza. Miaka yote hiyo, mtani, ulidhani unajisemea peke yako. Mwanamke yule ameshika kila ndimu.

Basi Salum akaenda Keko, akawarudisha wenzake. Sijui aliwaambia nini, lakini wawili walirudi na mashati yamechanika. Wakawa wanacheza nyuma ya ua, shemeji anatazama kwenye upenyo wa makuti na kuwaelekeza. Majirani wakanong'ona kwamba mjane anapiga kelele za mpira. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaendewa. Akasikiliza, akasema yumo nyumbani mwake, amejisitiri, anazungumza na watoto, haoni kosa; ila sauti aishushe. Basi akaishusha, na mie nikawa sauti yake. Yeye anasema polepole ndani, mie nalipasua koo nje. Hebu niwazie: Mngoni mzima, nimesimama kwenye jua, napiga kelele maneno ya shemeji, Mzaramo, aliyofundishwa na Myao aliyeyatoa kwa Mfaransa. Mara moja alisema, "Mwambie Gunia anamwaga mpira kama mbeba maji mlevi," nikayapaza kama yalivyo, kisha akasema hilo lilikuwa la masikio yangu, sio la mtoto.

Na meli ikaja, Issa.

Walikuja Temeke kwa lori la kukodi, vijana kumi na wawili na mpishi wao wa kujaza nafasi. Marseli akashuka wa kwanza, mkono mmoja kashika mpira mpya, anakutafuta kwa macho. Ilibidi nimwambie mie. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi, lakini neno lile lilifika. Alikaa kwenye ngazi ya lori. Akasema mchezo uache, haifai. Watoto walikuwa wameshapanga mstari, miguu mitupu, kila mmoja ameoga. Salum akatoka mstarini, akamwamkia shikamoo, akasema, "Mwalimu alisema mtakuja. Mmekuja. Tucheze."

Nilipomtafsiria, Marseli alivua koti.

Kipindi cha kwanza, mtani, tulipigwa. Wale ni vijana wa kuvuta kamba za meli, miaka kumi na saba, kumi na minane. Wetu wengi ndevu bado. Wakatupita kulia, wakatupita kushoto. Watoto walianguka vizuri, hilo hata mpishi wao alilisifu, lakini kila tulipopata mpira tulitaka kukimbizana nao, na kukimbizana nao hatuwezi. Watazamaji wa Keko wakaanza kucheka. Mie nilikuwa nimeishiwa maneno. Sauti bila mwenyewe ni kitu gani?

Wakati wa mapumziko Rukia akaja mbio kutoka nyumbani. Mama yake alikuwa juu ya kinu, anachungulia juu ya makuti, uwanja anauona wote. Ujumbe wake ulikuwa hivi: "Msikimbizane na watu wa meli. Mpeni Salum mpira, aende mbele hatua mbili aanguke, mpeni tena, mpeni tena. Jua litacheza kwa niaba yenu."

Ndivyo tulivyofanya. Salum alibeba mpira, akaangushwa na watatu, akasimama, akausukuma nyuma, akapewa tena. Watu wa Keko wakacheka kwanza. Kisha wakaanza kumhesabia kwa sauti. Kila akiinuka uwanja mzima ulikuwa ukisema "Debu!" Mabaharia wakawa wekundu kama embe dodo. Mpishi aliondoka mwenyewe, akakaa kivulini, akataka madafu. Hapo ndipo wenye mbio wetu walipofunguliwa, na wakapita, mtani, wakapita kama wamewekewa mlango. Mara ya kwanza walipougusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wenzao, yaani walipofunga, nilijikuta namkumbatia yule mzee aliyesema mtoto wake anaanguka bure.

Hatukushinda. Walituzidi kidogo, kwa mkwaju mmoja wa mwishoni, uliopita kati ya miti miwili. Lakini ungewaona wale vijana wamelala chali mchangani, na watoto wetu wamesimama juu yao wakiwapa mkono wa kuwainua.

Marseli akaomba kupelekwa kwa aliyewafundisha. Nikampeleka nje ya ua. Akavua kofia, akayaambia makuti maneno marefu kwa Kifaransa, sauti inamkatikakatika. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho. Wewe unajua Kifaransa chake chote kimetoka kwenye ndimu. Hakuwa na neno la pole, hakuwa na neno la asante. Alikuwa na hilo moja, akampa: "Debu, Monsiya. Debu."

Mtu mzima yule alicheka huku machozi yanamtiririka, akajifuta kwa kofia. Halafu akaniambia habari nikufikishie: mwoka mikate yuko hai, mzee sana; mchezo kwao umeruhusiwa tena; na wale watoto wako wa nyuma ya tanuri wamekua, wanacheza mbele za watu, wawili wana watoto wao nao wanafundishwa kuanguka.

Nilikwenda nikaupuliza ule mpira mpya, ingawa ulikuwa umejaa.

Eda imekwisha sasa. Shemeji anakuja uwanjani kwa miguu yake, kajifunga kanga mbili, mwavuli mkononi, na sauti ile iliyokuwa imeshushwa ameipandisha ilikokuwa na zaidi. Mie kazi ya sauti imeniishia, nimerudi kwenye kushona. Wa Keko wameleta watoto wao wafundishwe kuanguka, wanasema ni kwa ajili ya mpira wa miguu tu. Tunawaacha waseme.

Lakini shemeji hakuridhika. Alisema timu isiyo na mwenzake ni mtu anayejitazama kwenye maji ya kisima, na meli haiji kila mwezi. Akaigawa. Amechukua watoto saba walio bora, Salum akiwa mkubwa wao, na kuwatuma Kigamboni kila Ijumaa baada ya sala, kwenda kuwafundisha watoto wa kule. Nilibisha. Nikamwambia anakata mguu wake mwenyewe. Salum naye alilia, akaona anafukuzwa. Shemeji akamwuliza nani atamwangusha siku moja kama hatakwenda kumfundisha. Kijana akafikiri, akafuta uso, akaja kwangu kuchukua mpira.

Jana nilivuka nao kwa kivuko kutazama. Watoto wa Kigamboni ni wembamba, wana vichwa vigumu, na wanacheka wakianguka. Yuko mmoja wa kike, kajipanga na wavulana, hakutaka kuondoka mstarini, Salum hakujua la kufanya, akanitazama. Nikamwambia ampe mpira. Alipita katikati yao wote.

Haya, mtani, mwenye viatu amekuja, amenisimamia. Pumzika. Kaburi lako nimelipalilia, na shemeji na Rukia hawalali njaa nikiwapo. Ahadi yangu ni hii: mipira ya pande zote mbili nitashona mie, yenye nundu na isiyo na nundu. Na siku wale wa Kigamboni watakapotufunga hapahapa Temeke, mbele ya watu wetu, itaniuma kama jino. Nitasimama nipige makofi, yangu na yako.

Mtani wako aliyebaki,
Gervas, fundi viatu