Mume Wetu Aliponinyima Kura

Mke mwenzangu Tumaini,

Huku Mbebe tu wazima, na mahindi yamekomaa. Anayeandika ni shangazi yako. Mimi kalamu sijawahi kuishika. Udiwani wako huko Ireland nimeutangaza kanisani mpaka mchungaji akaniomba niketi.

Umeuliza utaishije na waliokunyima kura. Nilipogombea uenyekiti wa kitongoji, watu walijipanga nyuma ya mgombea wao, na sisi wagombea tulikatazwa kugeuka. Nikashinda. Kugeuka, namwona babu yako, mume wetu huyo, yumo kwenye mstari wa mpinzani wangu!

"Wewe mzee!" nikamwambia.

"Sasa nani angepika?" akajibu bila haya.

Kesho yake nikaanza kuchimbisha kisima upande ulioninyima kura, na wa kwanza kukabidhiwa sululu alikuwa yeye. Alichimba huku ananung'unika. Maji yalipotoka akawaambia wapita njia, "Mnamwona mwenyekiti? Mke wangu huyo."

Basi anzia kwao. Wakinung'unika, waache wanung'unike wakiwa kazini.

Najivunia wewe.

Bibi yako