Mwisho Tuliowapigia Warusi

Valby, Kopenhageni
9 Machi 1913

Mdogo wangu Thyra,

Pokea salamu zangu. Natumaini kikohozi kimekuachia na mama anakula vizuri. Mimi ni mzima wa mwili. Hasira ndiyo hailali.

Bila shaka baba amekwambia kwamba mimi na Ejnar tumepatana, na harusi ni baada ya Pasaka. Si kweli.

Kwenye filamu yetu Ejnar ni luteni anayemtupa mchumba wake kwa ajili ya mwanamke wa sarakasi. Mchumba ni mimi. Wa sarakasi ni Bi Ragnhild. Siku ya kwanza tu Ejnar alivua pete yetu ya uchumba, akasema inang'aa mno mbele ya kamera. Yangu, ya dhahabu ileile, haikung'aa. Seremala mmoja aliniuliza kama luteni wangu analipwa kwa saa, maana anaendelea kumbusu Bi Ragnhild hata kamera ikishafungwa. Walicheka wote. Nilicheka nao, kwa kuwa nyundo ilikuwa mbali.

Kama kawaida, tulipiga picha za miisho miwili ya filamu. Kwa Warusi, wanaopenda msiba, luteni anajipiga risasi. Kwa wengine, anarudi kwa mchumba wake, anapiga magoti, anasamehewa. Tulipofika kwenye huo wa pili, Bi Ragnhild alikuwa amekwisha kumchoka Ejnar na kumwambia arudi kwa mama yake.

Baba alikuja kutazama. Ejnar alipiga magoti, akaninong'oneza kwamba hili si igizo, nimkubali. Mwongozaji alipaza sauti nitabasamu. Nikatabasamu, nikajibu.

Baba alikuwa nyuma, kwenye kelele za maseremala, hakusikia neno. Ejnar alimwahi, akamwambia nimekubali. Wakapeana mikono. Nilipokana, baba alisema aliniona kwa macho yake nikitabasamu, na binti yake si kigeugeu.

Thyra, tangu homa ile ya utotoni husikii, lakini hakuna anayesoma midomo kama wewe. Filamu inafika huko Jumamosi; haina sauti, lakini midomo yangu inaonekana wazi. Mpeleke baba, mkae mbele. Nikianza kutabasamu, msomee neno kwa neno, hata ukumbi mzima ukisikia. Nilimwambia Ejnar hivi: "Mwisho wa Warusi ndio unaokufaa. Sikutaki, na ukinigusa tena nitakung'ata."

Usipunguze makali.

Msalimie mama sana. Baba nitamsalimia akishatoka sinema.

Dada yako,
Kirstine