Gaudens, Uliyetembea na wa Mwisho

Mwaka umetimia, Baba Dativa, tangu Jumamosi ile ya Septemba 2016 ulipotoka hapa Richfield, Marekani, kwenda kwenye mbio za Anoka, na hukurudi.

Wasiokujua na wasikie. Ulizaliwa Bukoba, ukawa fundi wa mikanda ya mizigo hapa uwanja wa ndege, na ulituacha ukiwa na miaka arobaini na tisa. Soksi zako za kukimbilia hukumruhusu mtu kuzifua. Ulizifua kwa mkono, ukazianika kwenye hita ya sebuleni hata wageni wakiwepo. Kwenye mkoba wa kiunoni ulibeba kahawa za kutafuna alizokutumia mama yako, ukawagawia wakimbiaji waliochoka. Wengi walizitema. Wewe hukuacha kuwagawia.

Ungeweza kukimbia na wa mbele. Lakini katika kikundi chenu cha wakimbiaji wa Jumamosi ulichagua kazi isiyogombaniwa: kuvaa kizibao cha rangi ya machungwa na kutembea na mtu wa mwisho mpaka amalize, asije akaachwa peke yake barabarani.

Mimi mkeo nitasema ukweli hapa. Asubuhi ile tuligombana. Mchana kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa dada yangu, nawe unafunga kamba za viatu.

"Jumamosi zako zote unawapa watu usiowajua," nilikwambia.

"Saa sita nitakuwa nimerudi, Reda."

Niliingia chumbani nikafunga mlango.

Mlipofika maili ya kumi na moja kati ya kumi na tatu, uliketi kwenye nyasi kando ya mto, ukasema unapumzika kidogo. Hukuinuka. Wa mwisho siku hiyo alikuwa Kemunto, Mkenya anayekaa mji wa Crystal, ndiyo kwanza amejiunga na kikundi. Kazi yake ni kuhudumia wazee, kwa hiyo alijua la kufanya. Alikukandamiza kifua bila kupumzika mpaka ambulensi ikafika. Wenzako waliokwisha kumaliza walirudi mbio, medali zingali shingoni. Moyo wako ulikuwa umeshasimama.

Baada ya mazishi kikundi kiliacha kukimbia. Eliakim, kiongozi wao, alitueleza kwamba kila Jumamosi walikutana pakingi kama kawaida, wakakaa ndani ya magari, kisha kila mmoja akarudi kwake.

"Shemeji, hakuna anayetaka kuanza," alisema. "Tukianza, lazima mmoja wetu awe wa mwisho."

Nami nilikuwa na hasira na Kemunto, mwanamke nisiyemjua. Niliwaza, kama angejikaza kidogo, ungefika mapema kwenye hema la madaktari pale mwisho wa mbio. Niliwaza hivyo nikipika, nikifua, hata nikiwa kanisani. Mungu anisamehe.

Februari mwaka huu alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, theluji mabegani, hataki kuingia.

"Mama Dativa, mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho," alisema. "Nimekuja. Kama unataka kunigombeza, nigombeze."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Likatoka moja tu: "Alisema nini?"

"Alisema amekuudhi asubuhi. Akaniambia, 'Nikifika nyumbani nitamwomba msamaha kabla sijavua viatu, maana nikishavua nitasinzia.'"

Nilicheka, Baba Dativa. Nilicheka huku nalia, kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa hasa. Nikamshika Kemunto mkono, nikamwingiza ndani. Aliondoka jioni. Wewe nilikuwa nimekusamehe kabla hujaomba. Nisamehe nawe ule mlango.

Jumamosi iliyopita mbio za Anoka zilifanyika tena, na kikundi chako kikakimbia kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Kemunto alivaa kizibao, nami nikatembea naye, mimi ambaye sijawahi hata kuja kukushangilia. Magoti yaliniuma vibaya. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja Mmarekani, mwenyeji wa hapo hapo, amepita miaka sabini. Mara tatu alituomba tumwache, tutangulie. Tulikataa.

Tulipokaribia mwisho, tulikuta hakuna aliyeondoka. Kikundi chako chote, na wengine ambao hata hawakukufahamu, na watoto wako wawili, wamesimama kimya pande zote mbili za barabara. Mzee alisita. Akageuka kutazama nyuma yetu. Barabara ilikuwa tupu.

"Mnamsubiri nani?" mzee akamuuliza mwanao Novatus kwa Kiingereza.

"Wewe," mwanao akamjibu.

Unakumbukwa na mkeo Redempta. Wanao Dativa na Novatus. Mama yako mzazi, Ma Pulkeria, huko Bukoba. Ndugu zako wote wa ukoo wa Rwechungura. Eliakim, Kemunto na wenzako wa Jumamosi.

Siku zote tutakazojaliwa, tutakukumbuka.